Mwambie mzee alete mfuko wote wa dawa

Alikuja na cheti chenye dawa moja tu: diklofenaki, kwa ajili ya magoti. Cheti hakikuwa na kasoro. Dozi ilikuwa sawa, saini ipo, mhuri upo. Nilipomuuliza anatumia nini kingine, akanijibu, "Hizi za moyo tu mwanangu, za siku zote."

Nikamwomba afuate mfuko mzima nyumbani. Aliporudi tukauweka wazi juu ya kaunta: enalapril, spironolaktoni, digoksini, aspirini, furosemidi ya kutoa maji mwilini, na chini kabisa boksi jingine la furosemidi lenye jina la kibiashara asilolifahamu. Kumbe tangu aliporuhusiwa kutoka hospitali alikuwa akimeza zote mbili, akidhani moja ni ya moyo na nyingine ya miguu. Kila alipoinuka kwenye kiti alishika ukingo wa kaunta, akatulia kidogo, ndipo akasimama wima.

Mimi ni mfamasia, na ninaandika haya kwa sababu nimechoka kuona kazi yetu ikihesabiwa kuwa ni kusoma cheti na kuhesabu vidonge. Daktari wa moyo aliandika dawa za moyo. Daktari wa mifupa aliandika dawa ya magoti. Kila mmoja alifanya kazi yake. Lakini mwili ni mmoja, na mahali pekee ambapo dawa zote hukutana kabla hazijamezwa ni kwa mfamasia, kama ataamua kuuliza.

Diklofenaki ingemfanya nini mzee yule? Moyo uliochoka hausukumi damu ya kutosha kwenda kwenye figo, hivyo figo hujisaidia kwa kutanua mishipa inayoingiza damu. Dawa za maumivu za kundi la diklofenaki huzuia utanuzi huo. Enalapril nayo hulegeza mshipa wa kutokea, na furosemidi imekwisha kupunguza maji mwilini. Zikikutana tatu, shinikizo la kuchujia damu huporomoka na figo zinaweza kufeli ndani ya siku chache. Juu ya hapo diklofenaki hubakiza chumvi na maji, vitu vilevile ambavyo dawa za moyo zinahangaika kuvitoa. Kwa kijana mwenye afya, kidonge hicho ni cha kawaida kabisa.

Kuna jambo lililotokea Kanada ambalo kila mwenye kuandika dawa angepaswa kulikumbuka. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti uitwao RALES, ulioonyesha kwamba spironolaktoni hupunguza vifo kwa wenye moyo ulioshindwa kazi. Ilikuwa habari njema, na ya kweli. Vyeti vya dawa hiyo vikaongezeka haraka. Lakini wagonjwa wa utafiti walikuwa wamechaguliwa kwa makini na walipimwa damu mara kwa mara. Huku nje mambo hayakuwa hivyo. Mwaka 2004 watafiti wa Ontario walitoa hesabu ya wazee wenye moyo ulioshindwa kazi wanaotumia dawa za kundi la enalapril: waliolazwa kwa sababu ya potasiamu kuzidi kwenye damu (dawa hizo na spironolaktoni zote huibakiza mwilini, na ikizidi huhatarisha moyo) walitoka 2.4 kwa kila wagonjwa 1,000 mwaka 1994 hadi 11.0 mwaka 2001. Dawa haikuwa mbaya. Iliwafikia watu ambao hakuna aliyekuwa akiangalia damu zao.

Ndiyo maana ninadai vitu viwili kwenye kila cheti cha mzee mwenye ugonjwa wa moyo: sababu ya kila dawa, na kipimo cha karibuni cha figo na potasiamu. Bila sababu, sijui kama furosemidi imeandikwa kwa ajili ya moyo au kwa uvimbe wa miguu ulioletwa na amlodipini, dawa ya presha. Bila kipimo, ninatoa digoksini gizani, kwa kuwa figo ndizo huiondoa mwilini. Hata kipimo chenyewe kinataka macho, kwa kuwa kreatinini, taka ya damu inayotumika kupima figo, hutokana na misuli, na mzee aliyekonda anaweza kuwa na namba nzuri huku figo zake zimeshuka sana. Digoksini ikijaa mwilini huondoa hamu ya kula, huleta kichefuchefu, humchanganya mtu akili, na wengine huona vitu vimekuwa na umanjano. Watu wa nyumbani husema ni uzee. Inaniuma sana, maana uzee hautibiki, lakini dozi inapunguzwa kwa simu moja.

Wapo madaktari wanaosema mfamasia hajamgusa mgonjwa wala kusikiliza moyo wake. Ni kweli, na ndiyo sababu sikubaliani na wenzangu wanaomwambia mgonjwa dirishani, "Hii acha." Mtu akikatisha ghafla dawa za kutuliza mapigo ya moyo kama bisoprolol au atenolol, mapigo yanaweza kwenda mbio na hata akapata shambulio la moyo. Neno letu liende kwa aliyeandika, naye alipokee. Pia wakati mwingine kilicho salama ni kuongeza dawa. Mwongozo wa STOPP/START wa kukagua dawa za wazee, uliotoka Ireland mwaka 2008, una sehemu nzima ya dawa ambazo wazee hunyimwa. Nimeona wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio wakiachwa bila dawa ya kuzuia damu kuganda eti kwa sababu ni wazee sana, ilhali hatari yao ya kiharusi hupanda kadiri umri unavyosonga.

Kwa mzee yule nilipiga simu mbili. Diklofenaki ya vidonge ikaondolewa, akapewa parasetamoli ya kumeza, si ile ya kuyeyusha majini yenye sodiamu nyingi. Furosemidi ya pili ilibaki kwangu. Tukaandika orodha mpya kwa herufi kubwa, kila dawa na kazi yake, na daktari wake wa moyo akaagiza damu ipimwe siku hiyohiyo. Majibu yalionyesha potasiamu 5.8, yaani imezidi kawaida. Spironolaktoni ikapunguzwa nusu, kipimo kikarudiwa baada ya siku chache, na mara iliyofuata alipokuja kwangu aliinuka kwenye kiti bila kushika kaunta.