Ndiyo ya Jana Haitoshi: Wakala wa AI na Rekodi za Domeni

Mwaka jana nilisahau nukta moja, na kampuni ya kutoa mizigo forodhani hapa Lubumbashi ikakaa karibu siku nzima bila barua pepe. Nilikuwa nawahamishia barua zao kwenye seva nyingine. Umeme ulirudi saa nne usiku, nikaandika haraka rekodi ya MX, ile inayoonyesha barua za domeni, yaani jina la kampuni mtandaoni, zipelekwe wapi, na mwisho wa jina la seva sikuweka nukta. Katika faili la DNS, mfumo unaotafuta anwani ya kila jina la mtandaoni, jina lisilo na nukta mwishoni huongezewa jina la domeni yenyewe. Barua zikaelekezwa kwenye seva isiyokuwepo popote. Asubuhi malori yako Kasumbalesa, mpakani na Zambia, karatasi hazijafika, simu yangu inalia mfululizo. Kusahihisha kulinichukua dakika mbili. Lakini TTL, muda ambao seva za wengine zinaruhusiwa kukumbuka jibu, ilikuwa 86400, yaani sekunde za siku nzima. Kosa langu likaendelea kuishi kwenye kumbukumbu za seva nisizozijua.

Kwa hiyo siungani na wanaosema AI isiguse rekodi hizi kabisa. Wakala wa AI, yaani programu inayopewa lengo kisha ikajitafutia hatua yenyewe, haandiki akiwa na usingizi. Anaweza kukagua jina la seva kabla ya kuliandika, na kurudi baadaye kuona kama jibu limefika. Mji huu una mafundi wanaobeba wateja ishirini au thelathini kila mmoja, na msaada kama huo ni mkubwa.

Wanaopinga, hata hivyo, wana hoja ambayo haitegemei AI kuwa mjinga. Tarehe 20 Oktoba 2025, kwa saa zetu ilikuwa asubuhi, huduma za wingu za Amazon zilianguka katika eneo lao la Virginia ya kaskazini, na programu nyingi duniani zikaanguka nazo. Hapakuwa na AI pale. Ilikuwa mitambo ya kusasisha DNS bila mkono wa mtu. Sehemu moja ilichelewa, ikaweka mpango wa zamani wa anwani juu ya ule mpya. Sehemu nyingine, ikifanya usafi wake wa kawaida, ikafuta mpango huo wa zamani. Jina la hifadhidata ya DynamoDB likabaki tupu, bila anwani hata moja, na ilibidi watu waingie kurekebisha kwa mikono. Kila sehemu ilikuwa inafanya kazi iliyopewa. Kilichokosekana ni kuuliza: hali niliyoiona nilipoanza bado ndiyo hii?

Swali hilo linatuhusu sisi kuliko wengi. Jibu la kawaida ni kwamba wakala apendekeze, mtu aidhinishe. Sawa. Lakini hapa ombi linatumwa saa sita mchana, mwenye kuidhinisha hana umeme au mega za intaneti zimekwisha, anabonyeza ndiyo usiku. Katikati, fundi mwingine amekwisha kubadilisha rekodi ile ile. Idhini hiyo imechacha, na mfumo ukiitekeleza utafuta kazi ya mwenzake. Kwangu mimi hili ndilo sharti la kwanza: idhini ifungwe kwenye hali iliyoonekana wakati wa kuomba, na rekodi ikibadilika, idhini ife na ombi lianze upya. Itachelewesha kazi, najua. Heri kuchelewa.

Wakala pia asishike nenosiri la akaunti nzima. Apewe ufunguo wa domeni moja, na kitufe cha kuidhinisha kikae mahali asipofika. Mwenye kuidhinisha aonyeshwe mstari wa zamani na mstari mpya wenyewe, kwa kuwa muhtasari wa wakala unaweza kukosea, au kupotoshwa na maneno aliyoyasoma kwenye barua ya mtu mwingine.

Wapo wanaotaka kuongeza rekodi kuachwe huru, kufuta tu ndiko kuombewe ruhusa. Ni kweli kwamba anayeulizwa mara hamsini kwa siku huishia kubonyeza bila kusoma. Lakini ukiongeza rekodi ya pili ya SPF, ile inayotaja seva zenye ruhusa ya kutuma barua za domeni, ukaguzi wote wa SPF unavunjika, kwa sababu kanuni inakubali moja tu. Hujafuta kitu, na barua zako zinaweza kuanza kukataliwa. Ningeacha huru majina mapya ya majaribio, basi. Chochote kinachogusa barua au seva za majina zenyewe, zile zinazojibu kwa niaba ya domeni, kipite kwa mtu.

Mtu yupi? Mama mwenye kampuni ile ya forodha ndiye patron, yaani bosi, kila karatasi inapita mikononi mwake. Nilipomwonyesha ombi la kwanza kwenye simu, alilitazama kwa muda, akaniuliza: "Sasa mwanangu, nikibonyeza hapa, nakubali nini?" Tangu siku hiyo kila ombi lina sentensi iliyowekwa juu ya ile mistari miwili, wa zamani na mpya, ninaiandika mwenyewe: barua za kampuni zitaacha kuingia kule, zitaanza kuingia huku, na tukikosea itachukua saa moja kurudi. Nimeshusha TTL kuwa 3600 ili hiyo saa moja iwe kweli.