Mawe au lami kwenye milima ya Mwanza?

Mkutano wa mtaa wetu ulikuwa umepoa mpaka ilipotajwa barabara. Tulipoambiwa kwamba ile inayopanda mlimani itajengwa kwa mawe, miguno ikaanza. Bibi mmoja aliyekaa mbele akasema walilokuwa nalo wengi: "Wa bondeni wamepewa lami. Sisi tunaletewa mawe, tumewakosea nini? Mawe tunayo mpaka chumbani." Watu wakaangua kicheko, ingawa hakutania. Mwanza kuna nyumba ambazo ukuta mmoja wa chumba ni jabali lenyewe, na kitanda kinasogezwa kulifuata.

Hoja ya bibi ina uzito, na wanaoipuuza kwa kusema "wananchi hawaelewi" wanakosea. Barabara hapa ni heshima pia. Dalali akipangisha nyumba, swali la kwanza ni kama gari linafika. La pili ni kama linafika kwenye lami. Bodaboda anakupa bei moja mpaka lami inapokoma na nyingine kutoka hapo kwenda juu. Mtu aliyeishi na hesabu hiyo miaka ishirini hawezi kufurahia kuambiwa atajengewa kwa kitu kilekile anachojikwaa nacho kila siku. Hata hivyo, nikipima mambo, kwenye miteremko yetu mikali naona mawe yanaishinda lami, kwa sharti moja nitakalolieleza.

Adui wa barabara za Bugarika, Isamilo, Igogo na kwingineko mlimani ni maji kabla ya kuwa magari. Chini ya udongo mwembamba kuna mwamba wa graniti, kwa hiyo mvua ya vuli au masika ikinyesha, maji hayana pa kuzama. Yanakimbia. Yakikuta lami, yanapita pembeni yake, yanachimba udongo unaoishika, na baada ya misimu michache ukingo unabaki unaning'inia hewani. Fuso la mchanga likikanyaga hapo, kipande kinakatika. Mwaka unaofuata barabara ya magari mawili imekuwa ya gari moja, na katikati kuna shimo. Lami haifi kwa kuchakaa juu. Inaliwa kutoka chini na pembeni, wewe ukiiona bado nyeusi.

Mawe yaliyopangwa vizuri yana tabia nyingine. Uso wake wenye vifundo hupunguza kasi ya maji. Jiwe moja likichomoka, fundi mwenye nyundo, mchanga na saruji kidogo analirudisha kabla ya jioni, bila kusubiri mtambo. Tena kuna suala la mabomba. Mji huu unakua, maji na majitaka vinasambazwa kila siku, na bomba halipiti bila kuchimba. Lami ikishakatwa, kiraka chake ni nadra kushikana na lami ya zamani; maji hupata mlango hapohapo. Mawe unayang'oa, unalaza bomba, unayarudisha yaleyale.

Halafu kuna fedha, na hapa nataka kukaa kidogo. Malighafi ya lami hutoka nje ya nchi, na mitambo yake ni ya wakandarasi wachache. Jiwe liko mlimani, na wa kulichonga wapo. Pita pembezoni mwa jiji utawakuta kina mama na vijana wanagonga kokoto kwa nyundo, mafungu yao yamepangwa kando ya njia yakisubiri mteja. Taratibu za ununuzi wa umma Tanzania zinataka asilimia 30 ya zabuni zitengwe kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi cha mtaani hakiwezi kumiliki mtambo wa lami, lakini kupanga mawe kinaweza, kikifundishwa. Fedha ya barabara ya namna hiyo huonekana jioni kwenye genge la mboga.

Sasa niwe mkweli kwa upande wa bibi. Barabara ya mawe inatingisha. Mama mjamzito anayekimbizwa hospitali ya Bugando kwa bajaji usiku hatashukuru kuambiwa kwamba barabara itadumu. Anayetumia kiti cha magurudumu anapata taabu, na mwenye toroli la ndoo za maji anapata zaidi. Mawe yakishasuguliwa na matairi hulainika, na yakilowa huteleza, hasa pikipiki ikiwa inateremka. Ujenzi wake ni wa taratibu, kwa hiyo mtaa hufungwa muda mrefu. Na ubora wake uko mikononi mwa mtu mmoja mmoja: fundi akichoka, akapachika mawe madogo juu ya udongo usioshindiliwa, huoni kitu mpaka masika. Lami hupimwa kwa vifaa na kuandikwa. Msimamizi wa mawe inabidi awepo, ainame, aangalie. Barabara ya tambarare yenye daladala nyingi, mimi mwenyewe ningeipa lami bila kubishana.

Kuna jambo jingine ambalo bibi hakulitaja lakini liko nyuma ya swali lake: nani ameamua? Kabla ya 2017 barabara za mitaa zilikuwa chini ya halmashauri, na diwani ndiye aliyebanwa koo mashimo yakizidi. Mwaka huo ikaanzishwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Faida ipo: wahandisi wako pamoja, na fedha ya barabara haimegwi kirahisi kwenda kwenye posho. Hasara ni kwamba diwani bado anabanwa koo, ila ufunguo wa sanduku hana. Na sanduku lenyewe ni jepesi. TARURA inahudumia mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000 nchi nzima, ilhali mgawo wake wa Mfuko wa Barabara ulipangwa kuwa asilimia 30, asilimia 70 zikienda TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, yenye takribani kilomita 37,000. Mwaka wa fedha 2021/22 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizi ndogo, na tofauti ilionekana. TANROADS nao wana utetezi: kilomita moja inayobeba malori ya mizigo kutoka Shinyanga au Musoma haiwezi kulinganishwa na kichochoro changu. Hata hivyo ukiyajua haya unaelewa kwamba mawe yanaletwa mlimani kwa sababu za kihandisi na pia kwa sababu mfuko umetoboka. Wananchi wakiambiwa ya kwanza na kufichwa ya pili, wanahisi wanadanganywa.

Sharti langu ni mfereji. Maji mengi ya milimani hatimaye yanatafuta Mto Mirongo, unaokatiza mjini kuelekea ziwani, nao hauchagui kama yametoka kwenye mawe au lami. Yanashuka na mchanga, chupa za plastiki na chochote kilichoachwa barazani, na wa Mabatini wanajua yanakofikia mvua ikiwa kubwa. Kujenga barabara mlimani bila mfereji wenye mwisho ni kumtengenezea jirani wa chini mafuriko kwa fedha ya serikali. Na mfereji ukishajengwa, lazima ijulikane nani anazibua. Aliyejenga husema usafi ni wa halmashauri, halmashauri hutazama mtaa, na mtaa huitisha msaragambo ambao vijana hawaji.

Ndiyo maana mkutano ulipoisha niliomba kuuona mchoro. Barabara imechorwa vizuri, mawe yana vipimo vyake, na mfereji upo pande zote mbili. Nikaufuata kwa kidole kuteremka. Unaishia pale barabara inapoishia, na pale, kwa sisi tunaopajua, ni kwenye ukuta wa choo cha jirani yangu.