Zumaridi ya Kidoleni

Najua mmeshasikia. Shoga yangu amerekodi sauti ya dakika nne akaitupa kwenye kila kundi alilomo, na kwenye toleo lake eti nililia. Sikulia. Jasho lilipitia machoni. Haya, sikieni kwa mwenye kidole mwenyewe, bado sijapoa.

Ilikuwa ile shughuli ya kumpongeza mwenzetu kwa kuvishwa pete. Pete ya dhahabu ya waridi, katikati zumaridi. Wenzangu wakapiga vigelegele, mimi nikakunja pua. Miezi miwili nimekuwa nikisoma habari za vito usiku kucha, na mtu wa miezi miwili ana kelele kuliko mtu wa miaka kumi. (Mlioniomba ushauri kipindi hicho, tutaonana pembeni.)

Nikaanza mhadhara, na hakuna aliyeniomba. Nikawaambia dhahabu haichimbwi ikiwa na rangi ya waridi. Wekundu ule ni wa shaba. Ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu kati ya 24, yaani asilimia 75, ndiyo maana hupigwa chapa ya 750. Inayobaki ni shaba na fedha kidogo. Nikafika mpaka karne ya 19, ilipokuwa ikiitwa dhahabu ya Kirusi. Kisha mawe. Lulu, sawa. Opali, sawa ukiitunza. Lakini mwenza wake hasa ni moganiti, jiwe la waridi lililopewa jina kumuenzi tajiri J. P. Morgan, "kama hili langu," nikanyoosha mkono. "Ila zumaridi? Jamani. Waridi na kijani vinapigana."

Mwenye pete akatabasamu. Lile tabasamu la mtu anayehesabu.

Pembeni alikaa mama mmoja wa makamo, kimya muda wote. Akauliza kwa upole: "Yako ni karati ngapi, mwanangu?"

"Kumi na nane, mama."

"Hebu tuone chapa."

Hapa twende polepole, maana ndipo nilipofia.

Pete nilikuwa sijaivua siku nne. Nimeoshea vyombo nayo, nimepakia losheni nayo, nimelala nayo. Na joto lile, kidole kimevimba. Nikaivuta, ikafika kwenye kifundo ikagoma. Nikazungusha kulia, ikazunguka. Kushoto, ikazunguka. Mbele, haiji. Vichwa vikaanza kusogea. Mtu akaleta sabuni. Shoga yangu akainua simu, "nipate picha ya chapa." Nikavuta huku nikicheka kile kicheko cha kuonyesha kwamba mambo ni ya kawaida. Ngozi ikajikunja yote juu ya kifundo, kama soksi. Nikafumba macho. Ikatoka.

Nikachungulia ndani ya pete. Hakuna 750. Hakuna namba yoyote, hata ya bahati nasibu. Nikawa natafuta cha kusema, nikashangaa mbona kumenyamaza. Kuinua macho, hakuna anayeitazama pete. Wanatazama kidole.

Mviringo wa kijani. Kamili, umezunguka kote, kingo zimenyooka kama umepigwa kwa rula. Hata lile ua dogo la pembeni ya pete lilikuwa limejichapa. Nikaupangusa kwa sabuni, ukaenda kwenye kidole cha pili. Mtoto wa mtu akauliza, na nadhani aliuliza kwa huruma: "Anti, unageuka chura?"

Yule mama akaushika mkono wangu kama daktari. "Shaba hii. Jasho lako linaila, inatoa kijani. Dhahabu ikiwa nyingi kama kwenye karati 18, haifanyi hivi kirahisi. Yako imechovywa tu, na ngozi ya juu imeshachakaa." Halafu akafungua mkoba akatoa lenzi. Jamani, nani anakuja shereheni na lenzi? Sonara! Miaka thelathini kazini, na mimi nimemfundisha maana ya karati! Akaliangalia jiwe langu kwa muda mfupi mno. "Kuna viputo vya hewa humu. Kioo, mwanangu." Hakuishia hapo. Akasema moganiti ninayoisifu na zumaridi ninayoitukana ni ndugu wa tumbo moja, zote ni madini yaitwayo berili, zinatofautiana rangi tu.

Kisha, taratibu kabisa, akachukua kidole changu cha kijani akakilaza kando ya ile pete ya bibi harusi mtarajiwa.

"Ulisema vinapigana? Mbona naona vimeelewana."

Kicheko kilichopigwa pale nimekisikia mpaka usingizini.

Mengine ni mafupi. Nikaosha, kijani kikaisha siku ya pili. Nikaomba radhi. Aliyeniuzia kanizuia kwenye simu. Sonara kanishauri nipake rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa ndani wa pete kama bado naipenda, na ndiyo, naipenda, msinitazame hivyo. Mwenye pete kaniweka kwenye kamati ya harusi, upande wa viti.

Na wewe shoga, ile picha uliyoiandika "zumaridi ya asili, haijakatwa", ifute. Nimeona hata bosi wangu ameiwekea kopa.