John Goodenough: mwanafizikia aliyekabidhiwa maabara ya kemia

Mwaka 2019, John B. Goodenough alipotangazwa kuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya Kemia, vyombo vingi vya habari vilishikilia jambo moja: kwamba alikuwa na umri wa miaka 97, na kwamba hakuna aliyewahi kupata Nobel akiwa mzee kuliko yeye. Umri huo ni habari, sikatai. Hata hivyo, kwa maoni yangu, linalostahili kutazamwa zaidi ni kwamba mtu huyu aliyetuzwa kwa kemia hakuwa na shahada hata moja ya kemia, na kwamba ni fizikia iliyomwonyesha mahali pa kutafuta betri ambayo leo imo katika simu zetu.

Alizaliwa Jena, Ujerumani, mwaka 1922, kwa wazazi Wamarekani, akakulia Marekani. Utotoni kusoma kulimpa taabu kwa sababu ya hitilafu ambayo haikutambuliwa wakati huo, lakini alifika Chuo Kikuu cha Yale na kuhitimu hisabati. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alitumikia jeshi katika utabiri wa hali ya hewa, na vita vilipokwisha akapata nafasi ya kusoma fizikia Chicago. Huko, kama alivyopenda kusimulia mwenyewe, profesa mmoja alimwambia kwamba kila aliyefanya jambo la maana katika fizikia alikuwa amekwisha kulifanya kabla ya kufikia umri wake. Alikuwa hajatimiza hata miaka 25.

Baada ya kupata uzamivu mwaka 1952 alikwenda Lincoln Laboratory, maabara ya chuo cha teknolojia cha MIT huko Marekani, ambako kazi ilikuwa kutengeneza kumbukumbu ya kompyuta kwa vipete vidogo vya kauri yenye usumaku. Kazi hiyo ilimlazimu kuelewa namna elektroni za atomu moja ya metali zinavyoathiri zile za atomu nyingine kupitia oksijeni iliyo kati yao, na kanuni alizozipata bado zinaitwa kwa jina lake na la Mjapani Junjiro Kanamori. Je, hiyo ni fizikia au kemia? Sijui kama swali hilo lilimkosesha usingizi hata usiku mmoja. Wanaolihitaji jibu ni wale wanaogawa ofisi na bajeti.

Mwaka 1976 Oxford ilimwita akaongoze maabara yake ya kemia isokaboni. Alikuwa na miaka kama 54. Hapo ndipo ninapoomba msomaji asimame kidogo, kwa sababu ukisoma matangazo ya ajira katika utumishi wa umma Tanzania utakuta sharti kwamba mwombaji asizidi miaka 45, na ukisoma ya nafasi za wahadhiri mara nyingi utakuta shahada zote zinatakiwa ziwe za fani ileile tangu ya kwanza. Kwa vigezo hivyo viwili, bahasha ya Goodenough isingefunguliwa. Sisemi Oxford ni malaika, maana nitaeleza punde jinsi ilivyoipuuza kazi yake, lakini katika kumwajiri ilitazama anachokijua badala ya kilichoandikwa juu ya cheti.

Tazama basi alichokifanya. Katika miaka ya 1970 Stanley Whittingham, akiwa katika kampuni ya mafuta ya Exxon, alikuwa ameunda betri ambamo ioni (atomu zenye chaji ya umeme) za lithiamu huingia na kutoka katikati ya matabaka ya sulfidi ya titani (muungano wa salfa na metali ya titani), ikitoa zaidi kidogo ya volti 2. Kuendelea kujaribu sulfidi moja baada ya nyingine kungekuwa jambo la kueleweka. Goodenough aliliangalia tatizo kwa jicho la viwango vya nishati vya elektroni: elektroni za salfa zinaweka dari ambayo volti haiwezi kuivuka, ilhali kwa oksijeni dari hiyo iko mbali zaidi. Akiwa na Koichi Mizushima, mwanafizikia kutoka Japani, na wenzao, alipima ni kiasi gani cha lithiamu kinaweza kutolewa katika oksidi (miungano ya metali na oksijeni) zenye matabaka kabla matabaka hayajaporomoka. Oksidi ya kobalti ilistahimili kupoteza zaidi ya nusu, na mwaka 1980 walichapisha matokeo ya volti 4. Zaidi ya hayo, kwa kuwa lithiamu tayari imo ndani ya oksidi, hapakuwa tena na ulazima wa kutumia metali tupu ya lithiamu iliyokuwa ikisababisha moto. Akira Yoshino aliiunganisha oksidi hiyo na kaboni mwaka 1985, na mwaka 1991 Sony ikaingiza betri sokoni.

Oxford haikutaka kugharimia hataza, haki zikaenda kwa taasisi ya utafiti wa atomiki ya Harwell, na Goodenough hakupata mrabaha. Wengi humhurumia kwa hilo. Mimi naona huruma hiyo imekosea mlango.

Wanaostahili kufikiriwa wako Kolwezi. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, hasa Lualaba na Haut-Katanga, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya machimboni, na ambako watu huingia mashimoni kwa koleo na mikono. Goodenough hakuyapanga hayo. Lakini mwaka 1986 alihamia Austin, Texas, akikwepa kustaafishwa kwa lazima Uingereza, na huko, mwaka 1997, yeye na Akshaya Padhi na wenzao walichapisha kazi kuhusu fosfeti ya chuma na lithiamu, isiyo na kobalti hata chembe. Volti zake ni pungufu kidogo, ila ni ya bei nafuu na haishiki moto kwa urahisi, na ndiyo iliyomo katika betri nyingi za sola na magari mengi ya umeme ya Kichina. Ningepewa mimi kuchagua kazi ya kumtuza, ningechagua hii.

Aliendelea kwenda maabara hata baada ya miaka 90. Mwaka 2017, yeye na Maria Helena Braga walitangaza betri ambayo elektroliti yake, yaani sehemu inayopitisha ioni, ni ya kioo, na wataalamu kadhaa walipinga waziwazi, wakisema maelezo yake hayaendani na kanuni za nishati. Alifariki Juni 2023, akiwa na miaka 100, bila ubishi huo kumalizika. Mwanasayansi wa miaka 94 anayebishaniwa na wenzake kuhusu kazi mpya, badala ya kupongezwa kwa ya zamani, bado yuko kazini.