Jiko la Kisasa, Ugali Unasongwa Uani

Miaka kumi na moja ya kupanga, jiko letu lilikuwa korido. Kila mpangaji na jiko lake la mkaa mlangoni kwake, na mimi nikirudi kazini nilikuwa nawasalimia majirani mmoja mmoja kwa kuangalia sufuria zao. "Habari za hapa, mama Side? Naona leo maharage." Hakukuwa na siri. Ukikaanga samaki, watoto wa nyumba nzima wanakuja kukuamkia.

Kwa hiyo nilipopata kakiwanja huku Chanika nikaapa: chumba cha wageni kinaweza kusubiri, dari inaweza kusubiri, geti tutafunga kwa kamba ya katani, lakini jiko litakuwa jiko. Nikaanza kukusanya picha kwenye simu, majiko meupe yanang'aa, taa zimening'inia, bakuli la ndimu katikati. Hakuna picha hata moja iliyokuwa na ndoo. Hilo lilipaswa kunishtua, halikunishtua.

Mke wangu aliniuliza mara moja tu. "Baba Zuhura, hilo jiko tuliongelee kidogo?" Nikamjibu kwa madaha, "Wewe tulia, nakuandalia sapraizi." Akanitazama kama unavyomtazama mtoto anayebeba trei ya mayai, akaendelea kuchambua mchicha.

Msinione nilikurupuka. Nilisoma. Nikakuta habari za mama mmoja wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo, ambaye mwaka 1926 alibuni jiko kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi kule Frankfurt, Ujerumani. Upana mita 1.9, urefu mita 3.4. Aliangalia hata majiko ya kwenye mabehewa ya treni, namna mpishi anavyogeuka palepale alipo na kila kitu kiko mkononi. Yakajengwa kama elfu kumi hivi. Halafu huyu mama baadaye akakiri kwamba kabla ya hapo yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kupika! Nikafurahi mno. Mimi pia sijawahi kupika. Nikajiona nina sifa zote.

Nikasoma na habari za pembetatu. Wanasema sinki, jiko na friji vikae pembetatu, pande zote ukijumlisha zisipungue mita 4 wala zisizidi 8, mpishi asitembee kama anahesabiwa hatua. Nikacheka peke yangu kitandani. Mafiga hayo! Bibi yangu kijijini alikuwa nayo matatu, akikaa kwenye kigoda anafikia kuni kwa mkono wa kushoto na chumvi kwa mkono wa kulia, na hakuna aliyempa shahada.

Nikamchorea fundi pembetatu yangu kwenye karatasi ya daftari. Fundi akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena, akasema lile neno. Wote mliojenga mnalijua. "Bosi, usijali."

Soketi ya friji aliiweka nyuma ya mlango. Mlango ukifunguliwa friji haikai, friji ikikaa mlango haufunguki. Kwa hiyo friji iko sebuleni, karibu na televisheni, na pembetatu yangu sasa inapita katikati ya makochi. Mke wangu akitaka nyanya inabidi aseme "samahani" kwa watu wanaoangalia mpira.

Lakini hayo ni madogo. Tuje kwenye kaunta.

Nilimwambia fundi sentimita 90, ndiyo niliyoisoma. Na fundi, kwa haki yake, alipima 90. Ila alipima tofali. Juu ya tofali akamwaga zege la sentimita 6, juu ya zege akaweka gundi na marumaru, tukafika 98. Nikasema siyo mbaya, nikasimama pale na mwili wangu huu wa futi sita kasoro, nikaegemea kiwiko kama wale wa kwenye picha. Safi kabisa. Mke wangu, ambaye ana sentimita 152 akiwa amevaa kandambili, akaweka juu ya hiyo kaunta jiko la gesi la plati mbili. Sentimita 12 hizo. Juu ya jiko akaweka sufuria ya ugali wa watu saba. Haya, jumlisheni wenyewe. Mdomo wa sufuria ukawa unatazamana naye usoni kama wanataka kusalimiana.

Sasa ugali, ndugu zangu, haupikwi kwa vidole. Unga ukishakaza unasongwa kwa bega, mgongo na kiuno, mkono mmoja umebana sufuria kwa kitambaa, mwingine unasukuma mwiko kutoka juu kwenda chini. Kutoka juu! Yeye alikuwa anausonga kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayejaribu kufungua dirisha la basi. Siku ya kwanza alivumilia. Siku ya pili akaagiza kreti la soda, akalipindua, akapanda juu yake. Siku ya tatu kreti likateleza kwenye marumaru zangu za kung'aa (nilizozichagua mimi, Kariakoo, kwa sababu unajiona sura), yeye akaning'inia kwenye kaunta, na mwiko ukapita dirishani. Hakunisema. Aliokota mwiko, akaosha, akachukua jiko la mkaa akaenda uani. Mke akikusema unajitetea. Akinyamaza hivyo unaanza kufagia bila kuombwa.

Kabati za juu nisizizungumzie. Anayezifikia nyumba hii ni mimi na mende.

Halafu nilitaka jiko lisilo na ukuta, lifunguke sebuleni, eti familia ijumuike. Hili nitaliomba msamaha hadi naingia kaburini. Kwanza, wale walioanzisha mtindo huu hawakaangi dagaa. Kochi langu sasa lina harufu ya kudumu, mgeni akikaa anauliza chakula kiko tayari lini. Pili, ukuta wa jiko siyo tofali tu, ni heshima ya nyumba. Zamani mgeni akibisha hodi saa saba mchana mlikuwa mnakimbilia jikoni wawili, mnanong'ona: "Vipande vingapi?" "Vitano." "Tuko wangapi?" "Sita." "Basi mimi nitasema tumbo linaniuma." Mnatoka mnatabasamu. Leo mgeni amekaa palepale anakuona ukihesabu nyama kwa macho. Shemeji yangu alitusaidia hadi kugawa. Yeye akachukua paja.

Na gesi nayo. Nilikuwa nimepanga mtungi ukae kwenye kabati, usionekane. Kabla hatujauwasha nikakumbuka kitu kimoja nilichosoma na kikanisaidia kweli: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu, inatambaa chini na kutuama. Kwa hiyo kuufungia kwenye kabati lisilo na tundu chini ni kujitegea bomu. Nikamwuliza fundi tundu la hewa liko wapi. Akanyoosha kidole darini. Nikamweleza kwamba gesi hii inashuka. Akafikiri, akasema, "Bosi, itapanda tu yenyewe." Mtungi uko nje, kwenye kijumba cha wavu, na mpira unaingia kwa tundu nililotoboa mimi mwenyewe kwa nyundo na msumari Jumapili nzima.

Aliyemaliza kesi ni mama yangu. Alikuja kutoka Muheza na kiroba cha nazi, akavua viatu mlangoni, akazunguka jiko zima amefunga mikono nyuma kama mkaguzi. "Zuri," akasema. "Sasa mtu anakunia wapi nazi?" Nikamwonyesha kaunta. Akanitazama. Mbuzi ya nazi inakaliwa, haiwekwi mezani kama redio. Nikamsogezea kiti kirefu, vile vya kuzunguka nilivyofuata Keko, angalau akae tupige soga. Akakipima kwa macho toka miguuni hadi juu. "Mwanangu, nikidondoka hapa nani atakuwa mama yako?"

Akachukua mbuzi yake akaenda uani. Baada ya dakika mbili mke wangu akamfuata na sufuria. Dada wa kazi akafuata na ungo. Zuhura akafuata na madaftari ya shule, mdogo wake akafuata na mpira, jirani akasikia vicheko akapitia upenyo wa uzio na mtoto mgongoni. Mimi nimebaki jikoni peke yangu, kwenye kiti kirefu, taa tatu zimening'inia juu ya kichwa, nabembea kulia, nabembea kushoto. Bakuli la ndimu lipo, nililinunua. Nje huko wanacheka kitu, na nina hakika ni mimi.

Nikatoka. Mama akainua macho kutoka kwenye kifuu, akasema, "Karibu jikoni, baba."

Nikampigia fundi jioni ileile. Akaja asubuhi na futi kamba, akakubali kubomoa upande mmoja wa kaunta kwa bei ambayo sitaitaja maana mke wangu anasoma hapa. Nikamwambia safari hii hatupimi kwa simu, tunampima mpishi: chini ya kiwiko sentimita kumi hadi kumi na tano, na pale pa ugali tushuke zaidi ili jiko la plati mbili likae kwenye shimo lake. Mke wangu akasimama wima, kwa mara ya kwanza amekunjua uso. Fundi akaandika 82 ukutani kwa penseli.

Mama akasema, "Na mimi nipime, nitakuwa nakuja." Akapimwa, 77. Dada wa kazi, binti wa Kisukuma mrefu kama mnazi, naye akajipanga nyuma yake. Zuhura akauliza yeye atapimwa sasa hivi au atapimwa akimaliza kukua. Fundi akatazama namba zake ukutani, akakuna kisogo kwa ncha ya penseli.

"Bosi," akaniita pembeni. "Hapa tunajenga kaunta au ngazi?"