Tiketi mbili za CECAFA: Uganda imepata nini, imelipa nini?

Kila CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati, inapotangaza mashindano yake ya timu za taifa za vijana, mjadala uleule huzuka Kampala, Jinja na hata Busia, mpakani na Kenya, ambako mashabiki wa pande mbili za mpaka hutazama mechi moja wakiwa na nyoyo mbili. Je, utaratibu wa kukusanya timu mahali pamoja kwa takriban wiki mbili, ili zichujane zenyewe na kwa kawaida mbili tu zifuzu fainali za Afrika, unaijenga soka ya Uganda au unaichosha? Wapo wanaotamani mchujo wa zamani wa nyumbani na ugenini urudi. Mimi siutamani, ingawa naona vizuri mahali wanapoumia.

Rekodi inautetea utaratibu wa sasa. Uganda ilicheza fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kwa mara ya kwanza mwaka 2019 nchini Tanzania, na zile za chini ya miaka 20 kwa mara ya kwanza mwaka 2021 nchini Mauritania, na mara zote mbili ilipitia mlango wa kanda. Katika mchujo wa zamani, timu ya Afrika Mashariki iliweza kumtoa jirani yake kisha ikapangwa na Nigeria au Misri kabla haijafika popote, na safari ikaishia hapo. Leo nafasi za ukanda huu zimetengwa, na hakuna wa kutoka Afrika Magharibi wala Kaskazini anayeweza kuzinyakua. Tena shirikisho husafirisha kikosi mara moja badala ya kununua tiketi za ndege kwa kila raundi, na kijana hupata mechi nne au tano mfululizo pale ambapo zamani angecheza mbili na kurudi nyumbani.

Faida hiyo ilionekana wazi katika kizazi kimoja. Desemba 2020, huko Karatu mkoani Arusha, Uganda Hippos, timu ya vijana chini ya miaka 20, waliifunga Tanzania mabao 4-1 katika fainali ya CECAFA. Miezi mitatu baadaye, wakiwa na kocha Morley Byekwaso mjini Nouakchott, Mauritania, waliichapa Tunisia 4-1 katika nusu fainali ya Afrika, Derrick Kakooza akifunga mabao matatu peke yake, kabla ya kushindwa 2-0 na Ghana katika fainali. Kakooza aliondoka na tuzo ya mfungaji bora na baadaye akajiunga na Valmiera ya Latvia, huku Steven Sserwadda akielekea New York Red Bulls. Sidhani kama wakala yeyote angewafuata vijana hao kwenye viwanja vya ligi yetu bila kuwaona kwanza Mauritania, na Mauritania hawangefika bila Karatu.

Hata hivyo, mlango ule ule uliowapitisha una tabia ya kujifunga ghafla. Oktoba 2024 mjini Dar es Salaam, tiketi mbili za vijana chini ya miaka 20 zilikwenda kwa Tanzania na Kenya, na Uganda, ambayo ilikuwa imefuzu fainali mbili mfululizo za Afrika, ikabaki nyumbani. Katika mechi za mikondo miwili, aliyeteleza Jumamosi ana wiki nzima ya kujirekebisha kabla ya marudiano. Katika mashindano ya wiki mbili, kadi moja nyekundu au mvua moja kubwa inaweza kufuta kazi ya miaka miwili. Sioni hilo kuwa dhuluma, maana mpira ndivyo ulivyo. Kinachonisumbua ni kwamba kikosi kikishatolewa hutawanyika, na wachezaji wale hawakutani tena chini ya bendera hadi baadhi yao umri uwe umewapita.

Kuna gharama nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha. Mashindano ya chini ya miaka 20 ya mwaka 2019, yaliyofanyika hapa hapa Uganda, yalianza Septemba na kumalizika Oktoba. Ya 2024 yalikuwa Oktoba. Huo ndio msimu wa kujiandaa na kufanya mitihani ya taifa ya kidato cha nne na cha sita. Katika nchi ambayo wachezaji wake wengi chipukizi hutoka katika shule kama St Mary's Kitende na Kibuli, kumwita kijana kambini wakati huo ni kumtaka achague kati ya cheti na jezi. Wazazi wengine wangechagua cheti, na siwalaumu, kwa sababu jezi ya taifa ya vijana haina mshahara.

Suala la umri nalo lina sura mbili. Kwa vijana chini ya miaka 17 kipo kipimo cha MRI, yaani picha ya sumaku, cha mfupa wa kifundo cha mkono, ambacho FIFA ilianza kukitumia katika Kombe la Dunia la 2009 nchini Nigeria, na kimewafanya viongozi kuwa waangalifu. Kwa chini ya miaka 20 kipimo hicho hakisaidii, kwa kuwa mfupa huo huwa umeshakomaa, na hapo tunategemea karatasi tu. Tiketi inapokuwa mbele, kishawishi cha kuchukua aliyekomaa mwili badala ya mwenye kipaji huongezeka hata pasipo udanganyifu wowote. Ndiyo maana nayathamini mashindano yasiyo na tiketi, kama yale ya chini ya miaka 15 yaliyofanyika Njeru, Uganda, mwaka 2023, ambako Zanzibar, ambayo CAF, shirikisho la soka la Afrika, haiihesabu kuwa mwanachama kamili, iliifunga Uganda kwa penalti katika fainali. Kwa Waganda ilikuwa aibu ya siku moja. Kwa makocha ilikuwa nafasi ya kujaribu bila kuogopa kufukuzwa kazi.

Anayetaka mchujo wa kanda uondolewe ajibu kwanza habari za Qatar mwishoni mwa 2025. Vijana wa Uganda chini ya miaka 17, katika Kombe lao la Dunia la kwanza, waliifunga Ufaransa 1-0, wakaitoa Senegal, kisha wakatolewa na Burkina Faso kwa penalti katika hatua ya 16 bora. Kikosi hicho kilianzia katika mashindano ya CECAFA yaliyochezwa Kampala Desemba 2024, shule zikiwa zimefungwa na mitihani imekwisha. Kama tarehe hizo ziliwezekana kwa chini ya miaka 17, FUFA, shirikisho la soka la Uganda, ina kila sababu ya kuidai CECAFA iyahamishie Desemba na mashindano ya chini ya miaka 20, na ifanye hivyo mapema, kabla ratiba haijachapishwa.