Mchoreni papa akiwa bado rafiki

Juzi baada ya alasiri nilikaa barazani kwetu Lamu na mtoto wa kaka yangu, wa miaka sita, tukafungua kitabu chake cha hadithi za wanyama. Sijasoma hata neno, keshamwekea fisi kidole. "Shangazi, huyu ndiye mbaya." Amejuaje? "Si unaona mate yanamtoka?" Kweli: mgongo umepinda, macho mekundu, ulimi nje. Mchoraji kamhukumu fisi kabla hadithi haijaanza.

Jambo hili linaniudhi. Hadithi hizi tunawapa watoto ili waujue uchoyo, kisha picha zinawaambia mchoyo hujulikana kwa sura. Mtoto akijitazama kiooni haoni mate yanayomtoka, basi hadithi haimhusu. Tena huyu wetu hajapata kumwona fisi. Anaowajua ni punda na paka wa vichochoroni.

Nikakifunga kitabu. Paukwa! Akaitika pakawa, nikamsimulia Kima na Papa. Kima yuko juu ya mkuyu ulioinamia bahari, papa yuko chini, kila siku anarushiwa kuyu anakula, urafiki umekolea. Siku moja papa akamwalika kwao amlipe wema wake, akamchukua mgongoni. Wamefika katikati ya maji ndipo anatoa la moyoni: sultani wetu mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima.

Mtoto akanishika mkono. "Lakini ni rafiki yake! Si alikula kuyu zake?"

Alikula, nikamwambia. Akanyamaza kitambo kirefu, na mimi sikumharakisha. Kisha nikammalizia: kima akamwambia papa moyo kauacha mtini, akarudishwa pwani, akaokoka.

Mmisionari Mwingereza Edward Steere aliiandika hadithi hii Unguja akaichapisha mwaka 1870, ila ni ya zamani mno. Katika Panchatantra, mkusanyo wa kale wa hadithi za Bara Hindi, mla matunda ni mamba. Huku pwani akawa papa, samaki ambaye mtoto wetu amemwona sokoni na amemla kwa wali. Wazee walijua kuisogeza hadithi hadi mlangoni pa msikilizaji.

Kwa hiyo nawaomba wachoraji wetu: mchoreni papa anacheka na kima, kinywa kimejaa kuyu. Akifika katikati ya maji awe yule yule, meno yasiongezwe. Na yule maskini wa hadithi ya Sultani Darai, aliyetajirishwa na paa, kisha paa alipougua akaamuru apikiwe uji wa mtama, wala asiende hata kumtazama: naye mwacheni na uzuri wake wote, ndani ya hariri aliyoipata kwa paa huyo huyo. Hapo ndipo moyo wa msomaji unapouma.

Usiku mtoto alitafuta penseli akachora. Papa wake anacheka, kima kakaa mgongoni kamshika pezi. Moyo kautundika mtini, mkubwa kuliko kuyu zote, akauzungushia majani ili papa asiuone.